Mtoto mwenye mahitaji maalum na mtihani wa piano wa Gredi ya 1: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu

Kila msimu wa mitihani napigiwa simu na wazazi, na hata walimu wenzangu, zikiwa zimebaki siku chache. Habari ni ileile: mtoto anapiga vipande vyake vyote vizuri, lakini ana usonji, au haoni vizuri, au noti zinamchezea machoni akizisoma. Je, mtahini anaweza kumfikiria?

Siku hizo za mwisho sina mengi ya kumwambia mtu. Karibu kila msaada ambao mtoto angepewa ulitakiwa kuombwa siku ya kusajili. Baadaye naona mtoto anayeujua muziki akitoka chumbani na machozi. Hakushindwa na piano. Ameshindwa na mlango uliofungwa nyuma yake, karatasi asiyoiona, na ukimya ambao hakuna aliyemwambia kwamba utakuwepo.

Mwongozo huu ni wa mtihani wa vitendo wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ule wa kukaa uso kwa uso na mtahini, ambao watoto wetu wengi wa Afrika Mashariki hufanya. Wa violin au rekoda ataufuata vilevile. Pale ambapo mtihani wa Trinity College London, bodi nyingine ya huko, unamfaa mtoto zaidi, nimesema.

## Vitu vya kuandaa

- Silabasi ya mwaka huu ya ala ya mtoto. Ya mwaka juzi uliyorithi kwa jirani haifai.
- Maelezo ya ABRSM kuhusu mipango maalum kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum. Yako kwenye tovuti yao, yamepangwa kwa aina ya hitaji.
- Barua au ripoti ya mtaalamu: daktari, mwanasaikolojia wa elimu, au mwalimu wa elimu maalum. Kenya unaweza kuanzia kituo cha EARC, vile vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto kielimu.
- Kitabu halisi cha vipande. Nakala zilizokuzwa ni za kuongezea.
- Kadi ngumu, kalamu nene, vibanio vya nguo na shashi ya plastiki ya rangi ikiwa mtoto husoma vizuri kupitia rangi.
- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Mtu mzima ambaye mtoto hamjui, atakayekubali kuigiza mtahini mara mbili au tatu. Watu humsahau huyu, ilhali ndiye muhimu kuliko vyote hapo juu.
- Piano halisi ya kufanyia mazoezi, hata kama ni ya kanisani au ya shule ya jirani.

## Kabla ya yote, zijue alama

Wazazi wengi hudhani mtoto akianguka sehemu moja amefeli mtihani mzima. Sivyo. Jumla ni alama 150. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja. Skeli, yaani noti zinazopigwa kwa mfuatano wa kupanda na kushuka, zina 21, kusoma noti papo hapo, yaani kupiga muziki ambao hajawahi kuuona, 21, na majaribio ya kusikiliza 18. Kufaulu ni 100, daraja la kati ni 120, la juu ni 130. Hakuna sharti la kufaulu kila sehemu.

Tuseme mtoto wako ana usonji na hapendi kuimba mbele ya watu. Vipande vyake vimempa 25, 24 na 23. Skeli 14. Kusoma papo hapo kumemshinda, kapata 8. Kusikiliza kapata 10. Jumla ni 104. Amefaulu, ingawa sehemu mbili hazikufika kiwango. Ninapowaonyesha wazazi hesabu hii kwenye karatasi, mabega yao hushuka, na yakishuka ya mzazi, ya mtoto nayo hushuka.

Tahadhari moja: asiyejaribu kabisa sehemu fulani hupata sifuri katika sehemu hiyo. Mfundishe mtoto kutoa chochote, hata noti mbili.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulipokea. Mtahini haongezi alama kwa sababu ya hali ya mtoto. Vigezo ni vilevile kwa wote. Kinachobadilika ni njia ya kuvifikia: muda, karatasi, aina ya jaribio, nani yuko chumbani. Mimi naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote. Mwanafunzi wangu akipewa cheti, ni cheti kamili, na hakuna atakayemwambia alihurumiwa.

## Hatua ya 1: Chagua mtihani unaomfaa mtoto huyu

Usianze na swali la gredi. Anza na hili: nini kinamvuruga mtoto wangu zaidi, mtu asiyemjua, mahali pageni, au karatasi mpya?

Anayevurugwa na watu na mahali, mwangalie kwa mtihani wa ABRSM wa kurekodi video. Anapiga vipande vinne mfululizo, kila kimoja alama 30, na alama 30 nyingine ni za uwasilishaji mzima. Hakuna skeli, hakuna kusoma papo hapo, hakuna majaribio ya kusikiliza. Anarekodiwa nyumbani au shuleni kwake, kwenye piano anayoijua. Sharti ni kwamba video iwe moja isiyokatwa. Ukikata na kuunganisha, umeharibu.

Anayeweza kukaa na mgeni lakini karatasi mpya inamfunga, mpeleke Trinity. Kuanzia ngazi ya mwanzo hadi Gredi ya 5, mtahiniwa huchagua majaribio mawili kati ya manne: kusoma papo hapo, kusikiliza, kubuni muziki papo hapo, na maswali ya maarifa ya muziki. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, anaweza kuacha kusoma papo hapo bila kuomba ruhusa ya mtu. Nimewaona watoto wenye usonji waking'ara kwenye maswali ya maarifa, maana walikuwa wamekariri kila alama iliyomo kwenye kurasa zao.

Ikiwa hujui atafanyaje akiwa mbele ya mtahini, kuna Prep Test ya ABRSM. Haina alama, haina kufaulu wala kufeli. Mtahini anaandika maoni na mtoto anapewa cheti. Kwa mtoto mwenye hofu, huo ndio mlango wa kuingilia, na usione aibu kuutumia.

Utajua umechagua vizuri pale utakapoweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mtihani huu na si ule. Kama sababu ni kwamba mtoto wa jirani amefanya huo, rudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Omba mipango maalum siku ileile ya kusajili

Hapa ndipo wengi hukwama. Watu husajili kwanza, kisha huanza kutafuta barua ya daktari, na tarehe inawapita.

Pata barua kwanza, ukianza muhula mmoja kabla. Hospitali zina foleni na wataalamu ni wachache. Barua iwe ya Kiingereza na itaje hali ya mtoto. Kisha wewe mwenyewe andika ukurasa mmoja unaoeleza hali hiyo inavyoonekana akiwa kwenye piano. Jina la hali pekee halimsaidii mtahini, kwa sababu watoto wawili wenye usonji wanaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana.

Linganisha. Ombi baya: "Mtoto ana usonji, tunaomba aeleweke." Ombi zuri: "Huhitaji kama sekunde kumi kabla ya kujibu swali. Ukirudia swali kwa maneno mengine huanza upya kulifikiria, kwa hiyo tafadhali rudia kwa maneno yaleyale au subiri. Hatakutazama machoni. Akifunika masikio, sauti ya nje imemuumiza. Subiri kidogo ataendelea."

Mambo yanayoweza kuombwa ni kama haya:

- Muda wa ziada, hasa katika kusoma papo hapo.
- Karatasi ya kusoma papo hapo iliyokuzwa au ya rangi fulani.
- Kwa asiyeona, noti za breli, au jaribio la kusikiliza na kurudia badala ya kusoma noti.
- Kwa kiziwi au mwenye usikivu hafifu, majaribio mbadala ya kusikiliza, na mkalimani wa lugha ya alama.
- Mtu mzima wa kukaa chumbani kwa mtoto ambaye hawezi kubaki peke yake.

Ikiwa mtoto anatumia kiti cha magurudumu, uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti inayofanya kazi. Usikubali kuambiwa tu kwamba patakuwa na watu wa kumbeba. Anastahili kuingia kwenye mtihani wake kama wengine.

Na usiombe kila kitu kilichoorodheshwa. Omba kile ambacho mtoto tayari anakitumia darasani. Muda wa ziada kwa mtoto ambaye kusubiri ndiko kunamtia wasiwasi utamwongezea mateso.

Hatua hii imekamilika pale tu utakapokuwa na jibu la maandishi linalotaja kilichokubaliwa. Lichape, uweke kwenye bahasha, siku ya mtihani uende nalo.

## Hatua ya 3: Karatasi za noti

Mtoto mwenye uoni hafifu usimkuzie noti kwa kukisia. Mkalishe kwenye piano, mgongo ukiwa umenyooka, umsogezee saizi tatu tofauti. Ile anayoisoma bila kuinamisha shingo ndiyo yake.

Msichana mmoja niliyemfundisha alikuwa anasoma vizuri kwenye karatasi za A3. Tulifika ukumbini, tukakuta kibao cha noti cha piano ile ni chembamba. Karatasi ikajikunja mbele yake katikati ya kipande cha pili, ikadondokea vidole vyake. Alimaliza kwa kichwa, lakini mikono ilikuwa inatetemeka. Tangu siku hiyo kila karatasi kubwa naibandika kwenye kadi ngumu, na vibanio viwili vya nguo vinakaa mfukoni mwangu. Kitabu halisi nacho kiwepo, maana nakala peke yake inaweza kuzua maswali ya hakimiliki.

Kwa mwenye disleksia, jaribu shashi za rangi moja baada ya nyingine kwa siku kadhaa. Usimpe rangi kwa sababu umesikia inasaidia wengine. Mkiipata rangi anayosoma nayo bila kuruka mstari, hiyo ndiyo mtakayoiombea karatasi ya kusoma papo hapo.

Katika kusoma papo hapo, kila mtahiniwa hupewa nusu dakika ya kuangalia, na anaruhusiwa kujaribu kwa vidole katika nusu dakika hiyo. Watoto wengi hukaa kimya wakitazama tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanaruhusiwa kupiga. Wape utaratibu wa mambo matatu: mkono uko wapi, hesabu ni ngapi, kisha jaribu baa (kile kisehemu kati ya mistari miwili ya wima) ya kwanza na ya mwisho. Utajua umeiva pale anapoanza kupiga ndani ya nusu dakika hiyo bila kukutazama wewe kwanza.

## Hatua ya 4: Majaribio ya kusikiliza

Gredi ya 1 ina majaribio manne. Mtoto anapiga makofi kufuata mapigo na kusema kama ni hesabu ya mbili au ya tatu. Anarudia kwa kuimba vifungu vitatu vifupi. Anasikiliza kifungu kikirudiwa kwa badiliko moja la noti, aseme badiliko liko mwanzoni au mwishoni. Mwisho anajibu maswali kuhusu muziki aliosikia, kwa mfano kama ulikuwa wa sauti kubwa au ya chini, laini au wa kukatakata.

La kuimba ndilo linalowatoa watoto jasho. Mzazi, shika hili: mtahini anapima noti, hapimi uzuri wa sauti. Mtoto anaruhusiwa kuguna kwa mdomo uliofungwa, kuimba irabu yoyote, hata kupiga mluzi. Nina mtoto ambaye hajawahi kuimba mbele yangu mwaka mzima, lakini huguna kwa usahihi kabisa akiwa amejifunika kidevu kwa kola ya shati. Aliruhusiwa na akapata alama zake.

Kwa hesabu ya mbili na ya tatu, tumia mwili. Mbili ni paja, makofi. Tatu ni paja, makofi, makofi. Mpigie muziki wowote mwache mwili uchague. Mwili ukishachagua, mdomo hupata la kusema.

Kwa mtoto asiyesema au anayesema kidogo, tengeneza kadi zenye majibu: mbili, tatu, mwanzo, mwisho, kubwa, chini, laini, kukatakata. Anaonyesha kwa kidole. Hili nalo liombwe katika Hatua ya 2. Usiingie na kadi ambazo mtahini hazijui.

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya huko London haiwezi kulitaja. Mtahini huongea Kiingereza, mara nyingi kwa lafudhi ambayo mtoto hajawahi kuisikia. Mtoto anayejua jibu kwa Kiswahili anaweza kunyamaza kwa sababu hakushika swali. Mitihani ya mazoezi inayopatikana ina maneno ya mtahini neno kwa neno. Yasome kwa Kiingereza tangu mwezi wa kwanza wa maandalizi, na mtafute mtu mwenye lafudhi ya kigeni amrekodie kwenye simu.

## Hatua ya 5: Igizeni mtihani mzima

Ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, basi iwe hii.

Fanyeni maigizo mara tatu. Mara ya kwanza mahali pa kawaida pamoja na mgeni. Mara ya pili mahali pageni. Ya tatu, mahali pageni, mgeni, piano ngeni, nguo na viatu vya siku yenyewe.

Mgeni akae mezani, upande, aandike. Kuandika huku ndiko kunakoshtua. Mtoto akimaliza kipande, mtahini hasemi "vizuri", anaandika kimya, pengine kwa muda mrefu. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka tisa alipomaliza kipande cha kwanza katika maigizo, aliinuka, akaenda mezani, akainamia karatasi kuona ni kosa gani lililoandikwa. Kwake, mtu mzima akinyamaza na kuandika, basi umekosea. Tukatengeneza kanuni: kalamu ikiandika, mikono mapajani, nahesabu vigae vya sakafuni. Siku ya mtihani alihesabu vigae, na akaweza kuniambia idadi yake alipotoka.

Igizeni pia mambo haya:

Mlango. Nani anafungua, nani anabaki nje, mlango unafungwa. Mtoto asikutane na mlango uliofungwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mtu wa pili. Wakati mwingine kunakuwa na mwakilishi mwingine wa ABRSM chumbani kwa ajili ya mafunzo au kuhakiki ubora. Muweke mtu wa pili katika maigizo mojawapo.

Mpangilio. Mtoto ana haki ya kuchagua aanze na nini. Wengi hawajui. Kama vipande ndivyo vinavyomtuliza, avitangulize. Kama skeli zinampa wasiwasi, azimalize mapema. Andika mpangilio kwenye kadi moja, picha moja kwa kila sehemu, naye ageuze picha kila anapomaliza.

Piano. Aliyezoea kibodi ya umeme yenye vitufe vyepesi atakuta piano halisi nzito, na noti zitamezwa. Nenda mkafanye mazoezi kwenye piano halisi si chini ya mara nne. Siku yenyewe aombe kujaribu noti chache kabla ya kuanza.

Sauti za nje. Feni, jenereta, adhana, mvua ya mabati. Usizizime wakati wa maigizo.

Maigizo yamefanikiwa mtoto akikosea na kuendelea. Usingoje apige bila kosa. Anayekosea kisha akaendelea bila kumtafuta mwalimu kwa macho, huyo yuko tayari.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mtihani wa Gredi ya 1 ni kama dakika 12, bila kuhesabu muda wa ziada mliopewa. Fikeni mapema, lakini si saa nzima kabla. Kusubiri kwenye benchi na watoto wengine wanaopiga skeli hewani kunamchosha mtoto mwenye hofu kuliko mtihani wenyewe. Kama kuna kivuli nje, kaeni hapo.

Mwonyeshe msimamizi wa mlangoni lile jibu lako la maandishi, kwa upole, umuulize kama mtahini amepata taarifa. Fanya hivyo hata kama una uhakika.

Usifundishe chochote asubuhi hiyo. Usimwambie "usisahau". Mpe maji, mpeleke msalani, mpe kadi yake ya picha.

Ukiruhusiwa kukaa chumbani kama msaidizi, wewe si mwalimu wala mzazi tena kwa hizo dakika. Usitikise kichwa, usihesabu kwa mguu, usitabasamu akipatia. Kazi yako ni kuwepo, na kufanya lile tu lililokubaliwa, kama kugeuza ukurasa au kurudia maneno ya mtahini.

Mtoto akivurugika akatoka nje, usimrudishe kwa nguvu. Mwambie msimamizi, mpe mtoto dakika chache, kisha muulize yeye. Mara mbili nimeona watoto wakirudi wenyewe wakamaliza. Mara moja hakurudi, tukaenda nyumbani, na ilikuwa sawa.

## Hatua ya 7: Karatasi ya alama

Matokeo yakija, isome wewe kwanza, peke yako. Mtahini huandika maoni kwa kila sehemu. Tafuta sentensi mbili za sifa umsomee mtoto kwa Kiswahili, umwonyeshe kwa kidole zilipoandikwa. Zinazobaki ni za mwalimu.

Angalia hasa sehemu zilizokuwa na mpango maalum. Kama muda wa ziada haukumsaidia, gredi inayofuata omba kitu kingine. Kama kadi za picha zilimsaidia, ziandike kwenye ombi lijalo kama kitu kilichokwisha kufanya kazi. Barua ya mtaalamu, jibu la ABRSM na kadi zenyewe weka kwenye bahasha moja, pamoja na vibanio vya nguo.